Simba, Shomoro na Chupa Iliyokuwa Kwenye Begi Langu

Jumapili, Mabwerebwere, Kilosa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika alasiri hii, na mtaa mzima ni matope. Naandika kwa mkono mmoja kwenye simu kwa sababu mkono mwingine umembeba mtoto.



Leo asubuhi nilikuwa naachwa. Mke wangu Zuhura alikuwa ameshafunga nguo zake na za mtoto, begi liko mlangoni, anangoja mvua ipungue bajaji ije, yeye na mama yake waende zao Masanze, kwa mama. Kosa langu ni kwamba nina mwanamke Mikumi. Ushahidi ni chupa ya dawa ya nguvu za kiume waliyoikuta kwenye vitu vyangu. Na binti yetu Amina, ambaye hajatimiza mwaka na anazidi kudhoofika, ndiye aliyekuwa shahidi wao mkubwa.

Huyo mwanamke hayupo. Hajawahi kuwepo. Lakini ili nilithibitishe hilo, ilinibidi niseme mbele ya mama mkwe jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata mke wangu.

Ngoja nilisimulie lilivyokuwa, maana nisipoliandika leo nitaanza kujiongopea.

Mimi ni dereva wa watalii katika hifadhi ya Mikumi. Siku za kazi nalala kule, siku za mapumziko nakuja nyumbani Kilosa. Zuhura ni fundi cherehani, anashonea barazani. Nikifika nampokea mtoto, yeye anapata nafasi ya kumaliza nguo za watu. Amina ananilalia kifuani mpaka anasinzia, na mimi nasinzia naye mdomo wazi. Majirani wananicheka kwamba nimeajiriwa uyaya kwangu mwenyewe. Sijali. Harufu ya kichwa cha yule mtoto inanimaliza kabisa.

Tatizo ni kwamba tangu azaliwe, hamu yangu imekwenda likizo.

Haya, nimesema. Arobaini ilipita, Zuhura akapata nguvu, nyumba ikatulia, mimi nikawa nageukia ukutani. Mwanzoni nilisingizia uchovu wa barabara. Baadaye nikasingizia mgongo. Yeye hakusema kitu, na ule ukimya wake ukanitisha kuliko kelele. Nikaanza kusoma matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, yale ambayo zamani nilikuwa nayacheka. Nikajiuliza kama kuna mtu amenichezea. Siku moja pale Mikumi mabasi yanaposimama, kijana muuza dawa akaniita pembeni. "Kaka, hii mizizi mitupu, haina kemikali. Utaniletea zawadi." Nikanunua haraka kama mtu anayenunua kitu cha wizi, nikaitumbukiza chini kabisa ya begi.

Sikuinywa. Kila nilipotaka kuifungua niliona aibu, hata nikiwa peke yangu. Ikabaki humo humo kwenye begi, nikaanza kuisahau.

Sasa twende kwenye simba.

Alhamisi nilikuwa nimepangiwa wageni kutoka chuo, daktari wa wanyama mmoja na wanafunzi wake. Dokta ni mama wa makamo, mpole, ana kofia kubwa na sauti ndogo. Hatujaenda mbali tukawakuta simba wawili, dume na jike, wamejitenga na wenzao kwenye nyasi fupi. Nikazima gari. Walipandana, wakalala, baada ya muda mfupi wakaamka wakapandana tena, wakalala, wakarudia. Nikatoa maelezo yangu ya kila siku: wanaweza kuendelea hivi mchana na usiku kwa siku kadhaa, dume halina habari ya kuwinda wala kula.

Wanafunzi wakapagawa. "Kaka, huyu anakunywa supu ya pweza?" mmoja akauliza, gari zima likacheka. Mimi nikacheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Moyoni nilikuwa nalichukia lile dume kama limenidhulumu.

Dokta akasubiri wanyamaze, halafu akawaambia kitu kilichonifanya nigeuke kwenye kiti. Alisema msicheke, yule jike yai lake halishuki lenyewe hivi hivi. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakopeleka habari kwenye ubongo, ubongo unaachilia homoni, homoni inakwenda kuamuru yai litoke. Mara moja kwa kawaida haitoshi, ndiyo maana wanarudia. Na dume nalo halijiendeshi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo sana inayotuma homoni kwenye tezi iliyo chini yake, yenye ukubwa wa njegere, na tezi hiyo ndiyo inayoziamuru korodani zitengeneze homoni ya kiume. "Mnadhani kazi inaanzia chini," akasema. "Inaanzia kichwani."

Miaka yote hii nawaonyesha watu simba wanapandana. Nimesema utani wa kila aina. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa naangalia vichwa viwili vikifanya kazi.

Nilishtuka, lakini hilo lilikuwa dogo.

Mchana tukala kwenye banda la kupumzikia wageni. Juu kwenye paa kuna kiota cha shomoro. Nimewazoea, sioni hata sababu ya kuwataja kwa mgeni aliyelipa kuona tembo. Dume lile lenye koo jeusi lilikuwa linaingia na mdudu mdomoni, linatoka, linarudi na mwingine, makinda yanapiga kelele kama yamefungiwa. Dokta akaacha kula.

Akawauliza wanafunzi wake kama wanakumbuka waliyosoma kuhusu huyu. Hawakukumbuka. Akaeleza. Shomoro dume kabla ya kupata makinda, homoni yake ya kiume iko juu, anaimba, anapigana, anatongoza kila jike linalopita. Makinda yakishaanguliwa, ubongo unapunguza amri, homoni ile inashuka. Na katika ndege wengi, dume linalolea hupandisha homoni nyingine, prolaktini, ile ile inayomsaidia mama wa kibinadamu kutengeneza maziwa, nayo pia hushusha amri hizo za ubongo. Ndipo anatulia na kulisha.

Halafu akasema hili. Watafiti waliwahi kuwaongezea shomoro madume homoni ya kiume wakati wana makinda. Wakaacha kulisha vizuri. Wakarudi kuimba na kuhangaika na majike, na watoto wao wako kiotani wanalia njaa.

Niliirudisha kwenye sahani chipsi iliyokuwa mkononi. Kwenye begi langu, ndani ya gari, mita chache kutoka pale, kulikuwa na chupa.

Niliogopa kuuliza lakini mdomo ulishafunguka. "Dokta, na binadamu? Maana nina rafiki yangu, amepata mtoto, sasa analalamika..." Dokta akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Akasema binadamu si shomoro, mambo yetu ni mengi, kuna uchovu, kuna mawazo, kuna kisukari na presha, kwa hiyo rafiki yangu aende akapime asibaki kubahatisha. Lakini ndiyo, imeonekana kwamba baba anayekaa sana na mtoto, anayembeba na kumlaza, homoni yake ya kiume nayo hupungua kiasi. Siyo ugonjwa. "Mwambie rafiki yako ubongo wake umempangia zamu nyingine," akasema, akarudi kwenye chakula chake. Akaongeza kwamba dawa za barabarani aachane nazo, hakuna anayejua zimechanganywa na nini.

Nilimaliza mzunguko wa jioni kama mtu aliyelewa. Tembo walivuka mbele ya gari nikasahau kusema idadi yao. Kumbe sijarogwa. Kumbe si uzee. Kumbe ule usingizi wangu na Amina kifuani una mkono wake ndani ya jambo hili. Nilikuwa nimeshtuka na nimefurahi kwa pamoja, nikajiapiza kwamba nikifika Kilosa nitamweleza Zuhura kila kitu.

Jana nikafika. Sikupewa nafasi ya kueleza.

Mama mkwe alikuwa amekuja tangu katikati ya wiki kwa ajili ya mtoto. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikajibiwa "marahaba" ya kukata, ile ambayo huulizwi habari za safari. Amina alikuwa mapajani kwake. Kweli amepungua. Miguu imelegea, haitaki kusimama, na macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Zuhura akachukua begi langu kutoa nguo chafu kama kawaida yake. Dakika ile ile nikaikumbuka chupa. Nilisimama, nikachelewa.

Akaiweka mezani. Maandishi yalikuwa makubwa, hayakuhitaji miwani.

"Hii ni ya nani, Baba Amina?" akauliza. "Maana kwangu haijafanya kazi."

Kwa mtu wa kwingine anayesoma hapa, lazima nieleze uzito wa lile swali. Wazee wetu wanasema mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, kisha akarudi kumshika, mtoto anadhoofika, miguu inakufa, hatembei. Huko ndiko kumbemenda mtoto. Ni aibu inayowakuta baba na mama na ukoo mzima. Sasa fikiria: mtoto amekonda, baba analala Mikumi, nyumbani anageukia ukutani, na kwenye begi ana dawa ya nguvu. Mimi mwenyewe ningekuwa hakimu ningejifunga.

"Mjukuu wangu amebemendwa," mama mkwe akasema, haniangalii, anaiangalia chupa. "Nilisema tangu Jumatano."



Nilikuwa na la kusema, tena zito, lakini yule ni mkwe. Sijawahi kula naye sahani moja. Nikipishana naye njiani nainamisha macho. Habari za chumbani mbele ya mkwe hazitajwi, afadhali mtu ale udongo. Kwa hiyo nikasimama pale kama nguzo, na kila nilivyozidi kunyamaza ndivyo nilivyozidi kukiri. Zuhura akaenda kulala na mama yake chumba cha pili. Nilibaki sebuleni na hasira zangu zote, nimekasirikia muuza dawa, mama mkwe, simba, mpaka yule shomoro ambaye hakunifanyia kitu.

Leo asubuhi begi likawa mlangoni.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, amefumba mdomo, machozi yanashuka yenyewe. Mama mkwe amembeba Amina, amemfunika kanga mpaka kichwani. Mvua inapiga bati. Nikaona kabisa kwamba ikikatika, wamekwenda, na nitakuwa nawasimulia watu maisha yangu yote kwamba nilipoteza nyumba yangu kwa sababu ya heshima.

Nikakaa sakafuni, mbali kidogo, macho chini.

"Mama," nikasema, "kule kazini kwetu kuna banda. Kwenye paa la banda kuna shomoro dume."

Akasema, "Unanisimulia ndege?"

"Nisamehe, mama. Nisikilize tu." Nikamsimulia. Kwamba zamani yule shomoro alikuwa na kelele nyingi. Kwamba amepata mtoto, anampenda mtoto mpaka amejisahau. Kwamba nyimbo zimemwisha, hata kwa mke wake mwenyewe zimemwisha, na anaona aibu kumwambia. Kwamba amedhani ni maradhi, akanunua dawa, akaogopa kuinywa. Sauti yangu ilikuwa inakwaruza. Zuhura alikuwa ameacha kulia, ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza naingia mlangoni.

Mvua ikapiga. Mama mkwe akauliza taratibu, "Na huyo shomoro hana mwingine kwenye banda la pili?"

"Hana, mama. Hata wa banda la kwanza amemshinda."

Nilitegemea matusi. Nilitegemea hata kofi. Badala yake yule mama akashusha pumzi ndefu, akasema kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani.

"Baba yake huyu alikuwa hivyo hivyo."

Zuhura akageuka. Marehemu baba yake alikufa kabla sijamwoa, nimemjua kwa picha tu.

"Wewe Zuhura ulikuwa unanyonya," mama akaendelea. "Alikuwa anakubeba yeye, anakulaza yeye, wanaume wenzake wanamcheka. Mimi ananipa mgongo, anageukia ukuta. Nikasema ana mwanamke. Ukapata homa, nikasema ndiyo hiyo, amembemenda mtoto. Nikafunga vitu nikaenda kwa bibi yako Mamboya. Hakunifuata kujitetea. Watu wakasema kanyamaza kwa sababu ni kweli, na mimi nikasema hivyo hivyo. Narudi kwake, wewe tayari unakimbia. Mpaka tunamzika sikumuuliza."

Akafuta uso kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nimeduwaa sakafuni. Sikuwahi kumwona mkwe wangu akilia, na sikujua macho yangu niyapeleke wapi.

Zuhura akainuka, akaichukua chupa mezani, akatoka nayo mvuani, akaimwaga chooni. Akarudi amelowa. Nikadhani sasa yamekwisha. Nikaanza hata kujisikia shujaa kidogo.

Ndipo mama akamfunua Amina ile kanga, akamtazama vizuri, akasema:

"Sasa kama baba yake hakutoka, huyu mtoto anaumwa nini?"



Wote watatu tulikuwa na jibu siku zote hizi, na jibu lenyewe lilikuwa mimi. Mama mkwe alikuwa na uhakika. Zuhura, kumbe, alikuwa ameacha kumpeleka kliniki kupima uzito, kwa sababu kadi ilishaanza kushuka na aliogopa wanawake wa kwenye foleni waseme mtoto wake amebemendwa. Alinieleza hilo pale pale, ameziba uso. Na mimi nilikuwa nashughulika na ukuta wangu.

Mvua ilipopungua, bajaji iliyokuwa imeitwa kwa safari ya Masanze ndiyo iliyotupeleka hospitali.

Nesi alivuta kope la chini la Amina mara moja tu. Ndani palikuwa peupe. Hata mimi niliona. Wakamtoboa kidole, hakulia sana, na kule kutolia sana kulinivunja. Malaria, na damu imepungua. Daktari alisema imekuwa ikimla taratibu kwa muda, na ni vizuri tumemleta leo bila kungoja zaidi. Akapewa dozi ya kwanza pale pale mbele yetu, wakatuweka mpaka waridhike, wakatupa na dawa ya kuongeza damu, na tumeambiwa lini tumrudishe. Tukaulizwa kama analala ndani ya chandarua. Chandarua kipo. Kina tundu ambalo fundi cherehani na mume wake wamelitazama kila siku.

Kwenye benchi tulipokuwa tunasubiri, Zuhura aliniegemea, akaninong'oneza kwamba na yeye hamu haipo tangu ajifungue. Kila nilipogeukia ukutani alikuwa anaumia na papo hapo anashukuru. Nikamweleza ile homoni ya maziwa, kwamba nayo hushusha amri za ubongo, kwake kuliko kwangu. Akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kwa hiyo tumelala miezi yote hii tunaogopana bure?" Nikasema ndiyo. Tumekubaliana kwamba na mimi nitapima, kama Dokta alivyosema, na kwamba hakuna anayedaiwa kitu na mwenzake kwa sasa.

Mama mkwe hajaenda Masanze. Yuko uani anapika uji, na begi limerudi chumbani. Nilipompita pale nikainamisha macho kama kawaida, akaniambia, "Baba, mtoto asitoke nje na unyevu huu." Hajawahi kuniita baba kabla ya leo.

Amina amelala kifuani kwangu sasa. Jasho limeanza kumtoka, homa inashuka. Ni mwepesi. Wiki zote hizi alikuwa mwepesi namna hii na nilikuwa naona raha kwamba mkono hauchoki kumbeba.

Hilo ndilo linalonitisha kuliko simba, kuliko chupa, kuliko maneno ya mama. Kazi yangu ni kutazama wanyama. Nyati akiwa mgonjwa namjua nikiwa mbali, kwa anavyobeba kichwa tu, na nawaonyesha wageni. Huyu alikuwa hapa, pua yangu juu ya utosi wake.

Kesho narudi Mikumi, na mchana nitakula chini ya lile paa. Shomoro atakuwa anaingia na kutoka, akifika anayatazama makinda midomo yao yote kabla hajaamua amlishe nani. Ubongo wangu ulininyang'anya hamu ili nibaki na mwanangu. Nikabaki naye. Mbona sikumtazama?